UCHAMBUZI: Kasoro yatoka kiwandani, lawama yamwangukia fundi wa Jericho

Gari aina ya Subaru linapozimika ghafla katika barabara ya Jogoo, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa fundi aliyeligusa mwisho. Wa pili ni muuzaji wa spea. Wa tatu ni mwenye gari mwenyewe, ambaye huambiwa kwamba mguu wake ni mzito mno. Kiwanda kilicholiunda gari hilo hutajwa kwa nadra sana.

Mazoea haya yanafaa kuchunguzwa, hasa katika mitaa ya Eastlands ambako magari ya kasi yaliyotumika Japan yamekuwa mengi kuliko nafasi za kuyaegesha. Jericho ilijengwa na baraza la jiji katika siku za mwisho za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi waliopanda basi au kwenda kazini kwa miguu. Leo, kati ya nyumba hizo ndogo, mtu hukuta Impreza, Forester na Legacy zimebanana, na kando yake fundi amelala chini ya gari akiwa na spana mkononi.

Mapenzi haya hayakuanza jana. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara wakila vumbi la magari hayo ndio watu wazima wanaoyanunua sasa, yakiwa yametumika miaka saba au minane na mtu mwingine.

Swali ni hili: kiwanda kinapogundua kwamba kilikosea, nani humjulisha mwenye gari wa Jericho?

Ili uzito wa swali hili ueleweke, ni vyema kutazama mambo yanavyokuwa kwa mnunuzi wa gari jipya ng'ambo. Mapema mwaka 2014, magari mawili aina ya Porsche 911 GT3 yaliteketea barani Ulaya. Uchunguzi ulionyesha kwamba boliti katika mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti zilikuwa zimelegea, mkono ukapasua injini, na mafuta yaliyomwagika yakashika moto.

Porsche iliwaagiza wenye magari yote 785 ya muundo huo wasiyaendeshe tena, kisha ikatangaza kwamba ingebadilisha injini ya kila gari bila malipo. Wamiliki hao walikuwa matajiri, lakini lililowaokoa si utajiri. Majina na anwani zao zilikuwa katika daftari la kampuni.

Mwaka huohuo, BMW iliyaita zaidi ya magari 156,000 nchini Marekani, ya miaka ya 2010 hadi 2012 yenye injini ya silinda sita, kwa sababu boliti zinazoshika kifaa cha kurekebisha mwendo wa vali zingeweza kulegea au kukatika. Mnamo Juni 2022 ikawa zamu ya Toyota, kampuni ambayo Wakenya wengi huiamini kuliko wanavyowaamini wanasiasa wao. Takriban magari 2,700 ya umeme aina ya bZ4X yaliitwa kwa kuwa boliti za kitovu cha gurudumu zililegea baada ya mwendo mfupi tu, na gurudumu lingeweza kung'oka. Subaru Solterra, ambalo ni pacha wa gari hilo, nalo liliitwa. Nchini Marekani, Toyota hatimaye ilijitolea kuyanunua tena magari hayo kutoka kwa waliotaka kuyarudisha.

(Hata neno lenyewe linatutatiza sisi wa vyumba vya habari. Kuna wanaoandika kuwa magari 'yameitwa', na wengine kuwa 'yamerejeshwa'. Makala haya yatatumia 'mwito wa kurejesha magari', ingawa ni refu.)

Boliti ni kitu kidogo, lakini kazi yake si ndogo. Boliti ya propela, ya difu au ya kitovu hukazwa kwa kipimo maalumu kilichoandikwa na kiwanda. Ikilegea kidogo, huanza kutikisika na kujila yenyewe. Ikikazwa kupita kiasi, hupata ufa usioonekana kwa macho. Nyingine huundwa ili zivutike kidogo zinapokazwa, na zikishafunguliwa hazifai kurudishwa mahali pake, ni za kutupwa.

Hapa ndipo lawama dhidi ya mafundi wetu hupata nguvu, na haitakuwa haki kuificha. Gereji nyingi za kando ya barabara hukaza boliti kwa kipimo cha mkono, wakati mwingine kwa kuongeza urefu wa spana kwa kipande cha paipu. Boliti iliyotolewa hurudishwa ilikotoka kwa sababu mpya ni ghali, au kwa sababu ile inayopatikana dukani haijulikani ilikotengenezwa. Mwenye gari naye ndiye mara nyingi anayemhimiza fundi amalize haraka na kwa bei nafuu.

Hata hivyo, makosa ya fundi yasigeuzwe kuwa blanketi la kufunika makosa ya kiwanda. Japan yenyewe ilijifunza hilo kwa uchungu.

Mnamo Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka baada ya kitovu chake kukatika. Lilimgonga na kumuua mama wa umri wa miaka 29 aliyekuwa akitembea na wanawe wawili, ambao walijeruhiwa. Kampuni ilidai kwamba chanzo ni utunzaji mbaya wa wenye lori, ingawa vitovu vya aina hiyo vilikuwa vimekatika mara kadhaa kabla ya siku hiyo.

Ilichukua miaka miwili kwa ukweli kutoka. Mwaka 2004, kampuni ilikiri kwamba kasoro ilikuwa katika muundo wa kitovu chenyewe, na waliokuwa wakuu wake wakakamatwa na kushtakiwa. Ikumbukwe kwamba tayari mwaka 2000 Mitsubishi ilikuwa imekubali kuwa ilificha malalamiko ya wateja tangu 1977. Wenye malori waliodaiwa kuzembea walikuwa wakisema kweli.

Ikiwa haya yalitokea katika nchi yenye ukaguzi mkali wa magari, fundi wa Jericho atajitetea kwa lipi?

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Novemba 2018. Subaru ilitangaza mwito wa kurejesha takriban magari 400,000 kote duniani, yakiwemo Impreza, Forester na BRZ, pamoja na Toyota 86 ambalo huundwa na kampuni hiyohiyo. Springi za vali zingeweza kukatika na injini ikazimika gari likiwa kwenye mwendo. Mengi ya magari hayo yalikuwa yameundwa mwaka 2012 na 2013.

Hebu tufanye hesabu. Kanuni za Kenya, chini ya kiwango cha KS 1515:2000, huruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa halijapitisha umri wa miaka minane. Gari lililosajiliwa Japan kwa mara ya kwanza mwaka 2013 lilikuwa na ruhusa ya kuteremshwa Mombasa hadi 2020. Maana yake ni kwamba mwito ulitolewa wakati hasa ambapo magari ya rika hilo yalikuwa yakipakiwa melini kuja kwetu. Mengine yalikuwa yamekwisha kufika na kupewa nambari za Kenya.

Barua ya Subaru ilikwenda kwa mtu aliyesajiliwa Japan. Gari likishafutwa katika daftari la huko ili lisafirishwe, mnyororo wa mawasiliano hukatika. Mnunuzi wa hapa anabaki na logibuku, cheti cha ukaguzi na deni la benki.

Anayejaribu kujitafutia habari naye hukwama. Tovuti ya serikali ya Marekani inayoonyesha miito ya kurejesha magari hutaka nambari yenye tarakimu na herufi 17. Gari lililouzwa kwanza ndani ya Japan huwa na nambari ya chesisi iliyo fupi, hivyo tovuti hiyo hailitambui. Kurasa za Kijapani za watengenezaji huikubali nambari hiyo, lakini ni wangapi mtaani wanaosoma Kijapani?

Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa una manufaa, ila hutazama hali ya gari siku hiyo: umri, breki, taa, chesisi. Boliti ambayo itakatika mwakani, leo inaonekana nzima.

Kisheria, mnunuzi wa Kenya si yatima. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili kuzitumia, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamtaka muuzaji kudhamini ubora wa anachouza. Tatizo ni kwamba muuzaji mwenye yadi atasema gari lilikaguliwa, wakala rasmi atasema hakuliuza yeye, na kampuni ya bima itasema kwamba haifidii uharibifu wa mitambo. Kila mmoja wao huwa na karatasi ya kumtetea.

New Zealand inanunua magari yaleyale ya Japan, yenye usukani upande uleule. Mnamo Aprili 2018, serikali yake iliamuru kurejeshwa kwa lazima kwa magari takriban 50,000 yenye mifuko ya hewa ya Takata iliyo hatari zaidi. Amri hiyo haikubagua gari lililoingizwa na wakala na lile lililonunuliwa likiwa limetumika. Mfuko wa hewa si boliti, lakini kanuni ni ileile: aliyeko barabarani ndiye anayelindwa, bila kujali nani aliliuza gari.

Kenya ina vifaa vya kuanzia. Mamlaka ya Ushuru (KRA) huandika nambari ya chesisi wakati wa kutoza ushuru. Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa (KEBS) huwa nayo katika cheti cha ukaguzi. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ina nambari hiyohiyo pamoja na simu ya mwenye gari. Watengenezaji wa Japan nao hutangaza nambari za magari yenye kasoro. Kulinganisha orodha hizi ni kazi ya kompyuta, tena si ya siku nyingi, na ujumbe mfupi wa simu ungemfikia mwenye Forester wa Jericho kabla ya injini kumzimikia.

Suala la nani atalipia ukarabati ni gumu zaidi, na mwandishi huyu haoni kwamba litatatuliwa upesi. Kubadilisha springi za Subaru kulihitaji injini kuondolewa garini, na hata nchini Marekani baadhi ya injini ziliharibika baada ya kurekebishwa na mafundi waliohitimu. Lakini ugumu wa bili si sababu ya kumnyima mtu habari. Anayejua kwamba gari lake lina kasoro anaweza kuamua kutolipeleka Mombasa na watoto wake usiku.

Kwa sasa, kuna jambo moja ambalo gereji zenyewe zinaweza kulifanya. Boliti ikikatika, desturi ni kuitupa katika mkebe wa vyuma chakavu, na mwisho wa wiki mkebe huo huuzwa kwa kilo. Pamoja na boliti huondoka ushahidi wote wa ilivyokatika. Ikihifadhiwa pamoja na nambari ya chesisi na tarehe, na gereji tano za barabara ya Rabai zikikuta boliti ileile imekatika mahali palepale katika magari ya mwaka mmoja, itakuwa vigumu kwa yeyote kuendelea kuwaambia mafundi hao kwamba hawajui kukaza nati.