Damu Shambani: Kuitetea Dead Man's Shoes

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wetu, na hasa sisi tunaoandika kutoka ughaibuni, kuigawa sinema ya Uingereza mafungu mawili na kulipa kila fungu heshima yake kabla ya kuitazama filamu yenyewe. Fungu la kwanza ni la majumba: Howards End ya 1992, The Remains of the Day ya 1993, na msafara usiokwisha wa nyasi zilizokatwa, vikombe vya chai na watumishi wanaofungua milango. Hilo huitwa sanaa. Fungu la pili ni la filamu za kusisimua zilizopigwa kwa fedha za kuokoteza: waigizaji wachache, kilima, gari bovu na shoka. Hilo huitwa takataka au, akipatikana mhakiki mpole, burudani. Naupinga mgawanyo huo. Nadai kwamba Dead Man's Shoes, filamu ya fungu la pili, inaijua Uingereza ya mashambani kuliko majumba yote hayo yakijumlishwa, na kwamba wengi wanaoidharau hawana hoja ya kisanaa. Wana haya tu ya kuonekana wakiitazama.

Shane Meadows ndiye aliyeiongoza, na aliiandika pamoja na Paddy Considine, ambaye pia ni mwigizaji wake mkuu. Ilitolewa 2004, ikiwa filamu ndefu ya kwanza ya Warp Films, kampuni ya Sheffield iliyochipuka kutoka katika kampuni ya muziki. Gharama yake haikufika pauni milioni moja, na ilipigwa kwa wiki chache tu mjini Matlock, katika jimbo la Derbyshire, na kwenye vilima vinavyouzunguka. Kisa chake chaweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Richard, askari, anarudi katika mji aliozaliwa akiwa na mdogo wake Anthony, kijana mwenye ulemavu wa akili. Wakati Richard hayupo, genge la wauza dawa za kulevya lilimfanya Anthony mchezo wao: lilimlevya, likamdhalilisha, likamcheka. Sasa Richard amerudi kuwaua, mmoja baada ya mwingine. Msomaji ambaye hajaitazama na anapenda kushtukizwa aishie hapa, kwa kuwa sijui namna ya kuihakiki filamu hii kwa kuuficha mwisho wake.

Nianze na fedha, maana ndipo dharau inapoanzia. Husemwa kuwa uhaba wa fedha huiacha filamu nusu uchi: hakuna milipuko, hakuna magari yanayofukuzana, hakuna umati. Sawa, hakuna. Genge zima la Matlock linajibana ndani ya Citroën 2CV, lile gari dogo la Kifaransa lililo jepesi kama debe, na wanaume wazima wakitoka humo magoti yao ndiyo yanayotangulia. Mtu aliyekusudia kucheka atacheka. Lakini tazama kinachofuata. Richard anaingia usiku katika nyumba wanamolala, na badala ya kuwachinja anawapaka rangi usoni. Wanaamka wakiwa vichekesho, na mkubwa wao, Sonny, anayeigizwa na Gary Stretch aliyekuwa bondia wa kulipwa, anaizunguka nyumba kwa hasira akiwa na uso wa mchekeshaji wa sarakasi. Hofu yote ya filamu imo katika kopo moja la rangi. Hakuna bajeti kubwa ambayo ingeliongezea chochote tukio hilo, ingelipunguzia.

Ama tukio la bunduki. Sonny anamlenga Richard kutoka mbali, Richard amesimama wazi wala hakimbii, na risasi inampata mwenzao wenyewe. Katika filamu ya mamilioni hapo pangechezwa ngoma nzima ya kamera na muziki. Hapa pana watu wasiojua kutumia bunduki, mwenzao aliyekufa kwa upuuzi, na kimya kinachoaibisha. Ninaowapinga huita hilo ufukara wa mbinu. Mimi naona kwamba hivyo ndivyo vurugu zilivyo katika mji mdogo: watu waliosoma pamoja, wasio hodari wa lolote, wanauana vibaya. Filamu za fedha nyingi hufanya mauaji yaonekane kazi ya ustadi, na ustadi unavutia. Meadows hakuwa na fedha ya kununua uongo huo. Wazee walisema nyumba njema si mlango, na kuna wahakiki waliobaki barazani kwa nusu karne wakihesabu nakshi.

Sasa nije kwenye shamba lenyewe, kwa maana tunayoijua watu wa pwani, yaani kila kilicho nje ya mji. Sinema ya majumba imetufundisha kwamba shamba la Mwingereza ni mahali ambapo historia imepumzika. Kuna mvua, kuna kondoo, kuna urithi. Meadows anaipiga Derbyshire ikiwa nzuri kweli kweli, kijani na ukungu na mawe, wala haioneshi kuwa mbaya ili kutufurahisha. Kisha anaipeleka hadithi yake kileleni, kwenye gofu la Riber Castle, na huko ndiko tunakoelezwa kwamba Anthony alikufa. Alijinyonga. Kijana tuliyemwona akitembea na kaka yake tangu mwanzo, akimuuliza maswali, akiogopa, akichekeshwa, hayupo. Amekuwa maiti muda wote, na Richard amekuwa akizungumza na marehemu.

Mahali hapo si pambo. Riber Castle lilijengwa miaka ya 1860 na John Smedley, mwenye kiwanda cha nguo cha Lea na bingwa wa tiba ya maji iliyowaleta matajiri Matlock kuogeshwa maji baridi. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Cromford, ambako Richard Arkwright alijenga mwaka 1771 kiwanda cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji, kiwanda ambacho vitabu vya historia hukitaja kila vinapoeleza chanzo cha mapinduzi ya viwanda. Bonde hilo la Derwent liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kwa hiyo hapo tunapoambiwa ni mashambani tu ndipo ilipoanzia kengele ya zamu, watoto wa mafukara wakikesha mitamboni, na pamba iliyolimwa kwa jasho la watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Pamba ilipoondoka lilibaki jumba tupu kilimani na vijana wasio na kazi bondeni. Filamu haisemi neno hata moja juu ya Smedley wala Arkwright. Haina haja. Imempandisha kijana dhaifu hadi kwenye kasri la tajiri wa nguo na kumwacha afie humo, na mwenye macho ataona.

Wala si ajabu kwamba mashamba hayo yana mabishano ya nani mwenye haki ya kuyakanyaga. Katika jimbo hilohilo, Aprili 1932, wafanyakazi kutoka Manchester na kwingineko walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi, na baadhi yao wakafungwa. Ilichukua hadi 1951 kwa Peak District kuwa mbuga ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Nchi ambayo watu wake wamefungwa kwa kosa la kutembea haiwezi kutuuzia shamba lake kama bustani ya amani, na sisi tusilinunue.

Msomaji wa Kiswahili alipaswa kuwa wa mwisho kulinunua. Arthur Conan Doyle, katika hadithi ya "The Copper Beeches" ya mwaka 1892, anamweka Sherlock Holmes ndani ya gari la moshi akipita kati ya nyumba nzuri za mashambani, na mpelelezi huyo, badala ya kusifu mandhari kama mwenzake Watson, anashikwa na hofu: huku hakuna jirani wa kusikia kilio, uovu waweza kutendwa mwaka hadi mwaka asijue mtu. Mwanafunzi mkubwa wa Holmes katika lugha yetu ni Bwana Msa, na Muhammed Said Abdulla alipompa kiko na rafiki wa kumsindikiza, Najum, hakumwanzisha kazi katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya mwaka 1960, inaifungua siri yake mahali pa mizimu, shamba. Riwaya yetu ya upelelezi ilizaliwa ikijua kwamba shamba huficha.

Na tuliifanyia nini? Tuliipeleka kwenye kapu la fasihi pendwa. Bwana Msa alipata heshima kidogo kwa sababu ya lugha yake, lakini waliomfuata, Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, Musiba na Kufa na Kupona mwaka 1974, Mtobwa na Joram Kiango wake, walisomwa na taifa zima na kufundishwa na wachache. Dharau ni ileile, na imesafiri nasi katika masanduku mpaka Leicester na Muscat. Anayemtazama Meadows na kuona shoka tu ndiye yule aliyemsoma Musiba na kuona bastola tu.

Kuna pingamizi mbili nzito zaidi. La kwanza ni kwamba filamu hii inatukuza kisasi. Anayesema hivyo hakukaa mpaka mwisho, au alikaa akitazama simu yake. Mtu wa mwisho katika orodha ya Richard ni Mark, ambaye alikwisha kuliacha genge. Ana mke na watoto wawili wa kiume. Richard anampata, anamsikiliza, na anapofika mwisho wa hesabu yake anaona kwamba aliyebaki wa kuadhibiwa ni yeye mwenyewe. Amekuwa mnyama kama aliowawinda. Zaidi ya hayo, alimwonea haya mdogo wake alipokuwa hai, na hilo ndilo deni ambalo shoka haliwezi kulilipa. Anampa Mark kisu na kumtaka amuue, na Mark anamuua. Sisi tulioshangilia kila kifo kwa saa nzima tunaachwa na baba wa watoto wawili mwenye damu mikononi, mtu ambaye hakuomba damu hiyo. Kama huko ni kutukuza kisasi, basi Othello inatukuza wivu.

Pingamizi la pili nalikubali nusu. Husemwa kwamba filamu za namna hii zinawasingizia maskini wa mashambani, zinawafanya majini wa kumtisha mtazamaji wa London. Kwa Eden Lake ya James Watkins, iliyotoka 2008, ni kweli tupu. Wachumba wawili wa mjini wanakwenda kupiga kambi ziwani, watoto wa mji wa jirani wanawatesa, na wazazi wa watoto hao wanadhihirika kuwa wabaya kama watoto wao. Kwa filamu hiyo uovu ni ukoo. Owen Jones aliikemea katika kitabu chake Chavs cha mwaka 2011, na alikuwa na haki. Kinachonikera zaidi ni kwamba filamu yenyewe ilikuwa na jibu mkononi ikalitupa: ziwa hilo liko karibu kuzungushiwa ua na kujengwa nyumba za wenye nacho. Bango linaonekana, kisha linasahauliwa ili tuendelee kuwaogopa watoto.

Lakini kulitia Dead Man's Shoes kapu moja na hiyo ni uvivu. Meadows alizaliwa Uttoxeter, Considine Burton upon Trent, miji midogo ya kandokando ya Derbyshire. Hawakuja na hema. Wabaya wao wanataniana, wanacheza, wanaogopa giza, wanatengenezeana chai. Tunawajua kwa majina, na mmoja mmoja ni mtu wa kuhurumiwa hata pale tunapotaka afe. Lawama ninayoikubali ni nyingine: wanawake wa filamu hii ni vivuli. Wanapita, wanatazama, wanaondoka, na mama aliyewazaa Richard na Anthony ni kama hakuwapo duniani. Hilo ni pengo, na bajeti si udhuru wake.

Limebaki swali ambalo huulizwa kwa tabasamu: sisi Waswahili yanatuhusu nini mauaji ya wazungu wa Matlock? Hakuna mtu mweusi wa kutuwakilisha, hakuna Uislamu, hakuna uhamiaji. Naliona swali hilo kuwa la hatari kuliko dharau zote nilizokwisha zitaja. Linatukabidhi kibali cha kuzungumzia filamu zile tu ambamo tumo, na kibali hicho wenyeji wetu wako radhi kabisa kutupa: ninyi elezeni machungu yenu, nchi tuachieni sisi tuieleze. Conrad aliandika juu ya Kongo baada ya kukaa huko miezi kadhaa tu, na hakuna aliyemuuliza yanamhusu nini. Sisi tumelipa kodi katika nchi hii kwa miaka, tumezaa humo, tumezika humo. Tunayo haki ya kulitazama shamba lao na kusema tunachokiona, iwe ni uzuri au ni maiti, na kusema kwa Kiswahili, bila kusubiri watuweke ndani ya picha kwanza.