Karo Ilipwayo kwa Kazi ya Kijana

Mzazi maskini ana madeni mawili kwa mtoto wake: chakula cha leo na elimu ya kesho. Mara nyingi fedha alizo nazo hazitoshi kulipa yote mawili, na tumbo halijui kungoja. Kwa hiyo elimu huahirishwa, kisha husahauliwa. Huko Chicago, nchini Marekani, shule moja ya kanisa ilitafuta njia ya kulifungua fundo hili, na habari yake yafaa kufikiriwa na kila mzazi na kila kijana.

Katika mji huo uko mtaa uitwao Pilsen. Jina hilo lililetwa na wahamiaji wa Bohemia, katika Ulaya, waliokaa hapo zamani. Baadaye wakaja watu wa Meksiko, nao ni miongoni mwa wale waitwao Walatino, yaani watu ambao asili yao ni nchi za Amerika zilizo kusini ya Marekani, na ambao wengi wao husema Kihispania. Wengi walifika bila mali. Walishika kazi za viwandani, za kuosha vyombo hotelini, na za kufagia maofisi usiku baada ya makarani kwenda zao. Watoto wao waliziona taa za maghorofa marefu ya katikati ya mji kila jioni, lakini hawakumjua mtu hata mmoja aliyekaa humo penye meza ya kuandikia.

Mwaka 2000, katika Marekani yote, zaidi ya robo ya vijana Walatino wa umri wa miaka 16 hadi 24 walikuwa nje ya shule bila cheti cha sekondari. Hilo halikutokana na uvivu. Kijana mwenye nguvu aweza kupata mshahara leo, na mama yake ana kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi. Lugha ya darasani si lugha ya nyumbani, na katika shule kubwa aweza kutoweka pasipo mtu kuuliza habari zake.

Zamani watoto wa wahamiaji wa Ireland na Poland walisaidiwa sana na shule za Kikatoliki. Karo ilikuwa ndogo kwa sababu watawa wa kike walifundisha kwa posho haba. Baada ya miaka ya 1960 idadi ya watawa ilipungua, ikawa lazima kuajiri walimu wenye familia na mishahara kamili. Karo ikapanda, na shule nyingi zikafungwa. Basi Walatino walipozidi kuwa wengi katika makanisa ya mijini, waliukuta mlango ule waliopitia wenzao umekuwa mwembamba.

Mapadre wa Shirika la Yesu, waitwao Wajesuiti, waliwauliza wakazi wa Pilsen wanahitaji nini. Wakajibiwa kwamba wanahitaji shule nzuri ya sekondari kwa watoto wao. Mwaka 1996 ikafunguliwa shule iitwayo Cristo Rey, maana yake Kristo Mfalme. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Padre John Foley, aliyekuwa amefanya kazi ya elimu huko Peru kwa zaidi ya miaka 30. Mwanzoni masomo yalifundishwa kwa Kiingereza na Kihispania pamoja, ili mtoto asione haya kwa lugha ya mama yake.

Ilibaki shida ya fedha, nayo iliondolewa kwa shauri geni: wanafunzi wenyewe wafanye kazi. Wanafunzi wanne hushirikiana nafasi moja ya kazi katika benki, ofisi ya mawakili, hospitali au kampuni. Kila mmoja huenda kazini siku moja katika juma, na mara moja kwa mwezi huongeza siku moja, hata jumla ikawa siku tano. Mwenye kampuni hulipa mshahara wa nafasi hiyo kwa shule, nao hulipia sehemu kubwa ya gharama za masomo. Wazazi hulipa kiasi kulingana na uwezo wao, na wafadhili hutoa sehemu iliyobaki. Ili masomo yasipungue, saa za shule zimeongezwa.

Kabla ya kuanza, kijana wa miaka 14 hufundishwa kusalimu watu kwa adabu, kujibu simu, kupanga barua katika mafaili, kutumia kompyuta na kuvaa kwa heshima. Msomaji aliye karani atafahamu kwamba haya si mambo madogo. Kijana huingia mchana, akiwa na kazi yake na meza yake, katika jumba la namna ileile ambayo pengine baba yake hufagia usiku.

Wako watu walioona shaka, na shaka yao si ya kupuuzwa. Je, ni haki mtoto afanye kazi naye asipokee mshahara mkononi? Na je, mama anayeingoja ile fedha ya kodi atasaidiwaje? Kwa kweli shule haiwezi kuilipa kodi ile. Mzazi hana budi kuvumilia miaka minne bila mshahara wa mwanawe, na hiyo ni sadaka kubwa kuliko karo. Lakini fedha ya kijana haipotei. Hununua masomo yake mwenyewe, naye hujua kwamba hakuombaomba.

Wala si kila anayeanza humaliza. Wengine hushindwa na kazi, wengine na masomo. Hata miongoni mwa wale waingiao chuo kikuu, wako wengi wasiofika mwisho, kwa kuwa fedha huwaishia au mzigo wa nyumbani huwarudisha. Hata hivyo mwaka 2001 shule ya pili ya mpango huu ilifunguliwa huko Portland, na leo ziko karibu 40 katika miji mbalimbali ya Marekani, zikiwapokea vijana wa dini zote walio wa jamaa zenye kipato kidogo.

Katika shule hizi sala na mafundisho ya dini vimewekwa pamoja na hesabu, wala kazi ya ofisini haikuonwa kuwa ya chini kuliko kitabu. Mwanafunzi asipofika kazini, nafasi yake huonekana tupu, na mtu huuliza yuko wapi. Kwa kijana aliyezoea kutoulizwa, hiyo ni elimu ya kwanza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wazazi wa Pilsen waliinama kwa kuuacha mshahara wa leo, wana wao waliinama kwa kuamka alfajiri, na kanisa liliinama kwa kuuliza kabla ya kujenga. Kijana Mlatino anayesitasita leo kati ya shule na mshahara ayatazame haya kabla ya kuchagua, na mzazi wake ayatazame pamoja naye.