Kahawa Imepungua, Kihamba Kimebaki: Mjane Ana Nafasi Gani?

Kahawa ambayo wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19 ilikuja kupanga maisha ya nyumba nyingi za Uchagani. Baba ndiye aliyekuwa mwanachama wa chama cha msingi, naye ndiye aliyepokea malipo ya msimu kupitia KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933. Karo na mabati ya nyumba vilingoja msimu huo. Ndizi zilikuwa za mama: chakula cha familia, na ziada ya kupeleka sokoni.

Mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka. Mibuni ilizeeka, na baadhi ya familia ziliing'oa. Leo, katika nyumba nyingi, fedha ya matumizi hutoka kwenye mkungu wa ndizi, maziwa au parachichi, na mara nyingi anayeileta ni mama. (Akina baba nao wameiona faida, wapo wanaopatana bei na mchuuzi kabla mama hajarudi kutoka jumuiya.)

Linalotusumbua ni kwamba umiliki wa kihamba haujafuata mabadiliko haya. Kwa desturi bado hurithiwa na wana wa kiume. Mjane aliyeitunza migomba kwa miaka mingi anaweza kuambiwa na kikao cha ukoo, mazishi yakiwa yamekwisha juzi tu, kwamba yeye ni mgeni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini kikao cha ukoo hutangulia mahakama, na mjane huona haya kuwashitaki shemeji zake.

Hofu ya wazee si ya kipuuzi. Kihambani ndimo yalimo makaburi ya wazazi, na ardhi ikishauzwa kwa mgeni hairudi. Hata hivyo, kijana wa kiume aliyehamia mjini aweza kuiuza vilevile, wala hatumsikii akiwekewa sharti.

Papa Leo wa XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba tunda la kazi ni haki ya aliyeifanya, akitumia mfano wa shamba lenyewe na mkulima wake. Tunaomba Jumuiya Ndogo Ndogo zizungumze jambo hili baba akiwa hai na mwenye afya, na wosia uandikwe mama na mabinti wakiwapo.