Jalada Lifike kwa Saa Yake

Mwezi wa Machi mwaka 2022 Mahakama za Uganda zilianza kutumia mtambo wa kuendeshea mashauri kwa njia ya elektroniki, ambao mawakili na makarani wameuzoea kwa jina la ECCMIS. Tangu hapo, katika mahakama zilizokwisha kuunganishwa, hati ya madai, utetezi, kiapo na rufani haviletwi tena dirishani vikiwa vimefungwa kwa uzi. Huingizwa katika kompyuta, ada hulipwa benki au kwa simu, na habari ya tarehe ya kusikilizwa humfikia mhusika mahali alipo. Wako ndugu zetu askari na polisi wanaodhani kwamba jambo hili ni la mawakili wenye suti na tai. Sisi tunasema sivyo, nao ndio tunaowaandikia leo.

Askari anajua maana ya saa. Anajua kwamba gwaride la saa kumi na mbili asubuhi halianzi saa kumi na mbili na robo. Lakini yule yule aliye hodari uwanjani, akishika jalada la kesi huanza kuhesabu saa kwa namna nyingine: leo jioni huwa kesho asubuhi, na kesho asubuhi huwa Jumatatu. Zamani mambo hayo yaliweza kupita. Karani alikuwa binadamu. Ukimfikia unatweta, jalada kwapani, aliweza kukuhurumia na kuligonga muhuri wa jana, na pengine huruma hiyo ilikuwa na bei yake. Tusijifanye hatukuyaona hayo. Mtambo hauna huruma hiyo, wala hauna tamaa hiyo. Huandika saa na dakika ambayo karatasi imeingia, na jina la aliyeiingiza, na maandishi hayo hayafutiki kwa maombi ya mtu.

Tutazame kwanza kazi ya polisi. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 23, inaagiza mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote si baada ya saa 48. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mshtakiwa wa kosa linaloweza kusikilizwa na Mahakama Kuu na mahakama ya chini pia, akikaa rumande siku 60 kabla kesi yake haijasikilizwa, ataachiliwa kwa dhamana. Na yule wa kosa la Mahakama Kuu peke yake, akikaa siku 180 kabla ya kupelekwa kuhukumiwa huko. Hesabu hizo haziulizi kama mpelelezi alikuwa safarini. Jalada likitoka kituoni na ukurasa mmoja umepungua, mwanasheria wa serikali hulirudisha. Likirudi na maelezo ya shahidi yaliyopigwa picha gizani, yasiyosomeka, hurudishwa tena. Siku zinakwenda. Mwishowe mtu anayedaiwa kuua anatoka nje kwa haki yake ya Katiba, na raia wa mtaa ule wanasema polisi wamekula rushwa, kumbe kilichokula ni uzembe wa kutopanga karatasi. Kwa upande wa pili, huenda aliye rumande hana hatia yoyote, na kila siku anayolala huko kwa ajili ya ukurasa uliopotea ni siku iliyoibwa katika maisha yake.

Liko pia jambo la neno la siri. Tunasikia kwamba katika ofisi nyingi, za serikali na zisizo za serikali, mkubwa humpa mdogo wake neno lake la siri ili amfanyie kazi, kisha neno hilo hujulikana na ofisi nzima. Afande hawezi kumpa mtu mwingine bastola yake aende nayo sokoni. Sheria ya Miamala ya Elektroniki ya mwaka 2011 inakubali ushahidi wa kompyuta mahakamani, lakini inamtwika yule anayeuleta mzigo wa kuthibitisha kwamba ni wa kweli. Wakili wa utetezi akiuliza nani aliingiza waraka huu, na jibu likawa kwamba watu sita walitumia jina moja, kesi imekwisha kudhoofika kabla shahidi wa pili hajaitwa.

Hapa wako watakaotushika kwa kifungu cha 126 cha Katiba hiyo, kinachoagiza mahakama zitende haki yenyewe bila kufungwa mno na taratibu. Wanauliza: mbona tunataka kanuni za mtambo zifuatwe kama amri ya vita? Swali ni la haki. Jaji anaweza, na mara nyingine hupaswa, kumsamehe aliyekosea umbo la karatasi au aliyechelewa kwa sababu ya kweli. Lakini kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba haki isicheleweshwe. Msamaha wa jaji ni dawa ya ajali. Haukuwekwa uwe mpango wa kazi. Na mwenye kuuomba lazima aonyeshe sababu, wala kusahau si sababu.

Sasa tuwageukie wanajeshi. Tangu Machi 2007 maelfu yao wamepelekwa Somalia kulinda amani, na wengine wamepelekwa kwingine. Tuseme koplo yuko mbali namna hiyo, na huku nyumbani jirani amefungua madai juu ya kiwanja chake. Mtu aliyepewa hati ya wito katika kesi ya madai ana siku 15 za kuleta utetezi wake. Mahakama huweza kuamuru hati hiyo ipelekwe kwa barua pepe au kwa WhatsApp, nayo ikishapokelewa, siku zinahesabika. Koplo akiona ujumbe asioujua akaufuta, anaweza kurudi na kukuta hukumu ya upande mmoja imekwisha kutolewa, na ua umejengwa. Atakimbilia kuomba hukumu itenguliwe, kwa gharama na kwa wasiwasi. Mtambo huo huo, akiujua, ungemwezesha wakili wake kuwasilisha utetezi kwa saa yake, bila koplo kuomba ruhusa ya kusafiri. Aangalie tu kwamba ada imelipwa, maana kanuni ya zamani ya mahakama zetu ni kwamba karatasi isiyolipiwa ada bado haijafika.

Jirani zetu wako njia hiyo hiyo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zinauhesabu waraka kuwa umefika siku ile ukiingia kabla ya saa sita usiku, isipokuwa mahakama imeweka saa nyingine au imeukataa. Kenya ilianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020. Rwanda ilianza mwaka 2016, na huko mtambo mmoja umewaunganisha wapelelezi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza, jambo ambalo sisi tunalionea wivu.

Lakini hatutakuwa wakweli tukiwalaumu askari peke yao. Kituo kisicho na umeme tangu asubuhi hakiwezi kuingiza kitu katika kompyuta, na yako mengine ambayo mpelelezi hununua karatasi kwa mshahara wake. Anayedai saa ifuatwe lazima atoe na saa yenyewe. Tunaziomba wizara zinazohusika ziweke katika kila kituo kikubwa mashine ya kupigia picha nyaraka, na sajini mmoja aliyefundishwa kuitumia, asiyehamishwa kila baada ya miezi mitatu. Intaneti ikikatika, mkuu wa kituo aandike katika kitabu cha matukio saa ilipokatika na saa iliporudi, atie sahihi, ili hakimu awe na kitu cha kutazama. Na makamanda, kabla kikosi hakijapanda ndege, wamwulize kila askari kama ana kesi mahakamani, nani anashika hati yake ya uwakilishi, na ile namba ya simu iliyoandikwa katika jalada kama bado ni yake.