Tamponi yadai maji kwanza

Sheria ya Kenya ya mwaka 2017 inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo za bure; tamponi haikutajwa. Binti wa Kisii au Nyamira anayeichagua anastahili maelekezo bila kuaibishwa. Wanaohofia ubikira kupotea wajue kizinda hunyumbuka na hakithibitishi lolote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe. Hofu yenye msingi ni sumu ya bakteria, nadra lakini inaweza kuua. Basi binti anawe mikono, achague tamponi inayofyonza kidogo, aiingize taratibu kuelekea mgongoni, uzi ubaki nje, aibadilishe kabla ya saa 8 kupita. Vyoo vikikosa maji, sodo ni salama zaidi. Milima ya Kisii na Nyamira hainyimwi mvua. Matangi ya shule yajengwe kuivuna.