Mali ya Umma Haipotei Njiani Yenyewe

Keko, katika Wilaya ya Temeke, ndiko yaliko makao makuu ya Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993. Kutoka Dar es Salaam dawa hupelekwa katika maghala ya kanda, kama vile Mwanza, Mbeya na Mtwara, hadi kuzifikia hospitali na zahanati. Safari hiyo hutegemea lori na dereva, lakini hutegemea pia karatasi ambayo baadhi ya watumishi huidharau: hati ya kuhamisha mali kutoka ghala moja hadi jingine.

Mali inapohama kati ya maghala ya mwenyewe mmoja, hakuna auzaye wala anunuaye. Ghala linalotoa hupunguza katika leja yake, linalopokea huongeza katika yake, na jumla hubaki ile ile. Hatari imo katikati. Yakitoka maboksi 100 na kufika 96, hapana budi ijulikane siku hiyo hiyo manne yamekwenda wapi. Mpokeaji atiaye saini kabla ya kuhesabu humfungulia mwizi mlango, na mtoaji asiyefuatilia nakala ya mapokezi humfutia nyayo.

Wapo wasemao kwamba huo ni urasimu, na kwamba mgonjwa hangoji saini. Ni kweli hangoji. Ndiyo maana saini haina budi iharakishwe, wala isifutwe. Tuseme dawa inakaribia kwisha muda wake katika zahanati moja ya Mbagala, na ya Tandale imeishiwa. Pasipo hati halali, mwenye ziada ataogopa kuitoa, kwani mkaguzi atamdai yeye. Ataiacha iharibike rafuni. Hati ikiwapo, dawa itahama na hesabu itabaki safi.

Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, wananchi walilaani bidhaa zilizofichwa maghalani. Kwa mama aliyebeba mtoto mwenye homa, dawa iliyofichwa na dawa iliyosahauliwa ni mamoja.

Basi kila aliyekabidhiwa ghala, liwe la dawa, la vipuri au la vitabu vya shule, ahesabu kwanza, ndipo atie saini. Na mkubwa wake asiikalie hati mezani.