Twiga wa mama, mbuzi wa binti

Mzazi mwenzangu, leo naungama. Muhula uliopita binti yangu wa Gredi ya Nne alikumbuka Jumapili usiku, chakula kikiwa mezani, kwamba mwalimu alitaka sanamu ya mnyama iliyoundwa kwa vitu vilivyotupwa. Yatakiwa kesho. Nilimtuma baba yake dukani mbio, akarudi na manila, gundi, rangi na pakiti nzima ya vijiti. Shilingi 640. Binti alilala saa tatu, mimi nikakesha na twiga hadi saa saba.

Twiga alisifiwa darasani. Kisha mwalimu akauliza shingo ilifanywaje hata isipinde. Binti hakuwa na jibu, wenzake wakacheka. Alipofika nyumbani aliweka ile sanamu mezani akaniambia, "Mama, hii ni yako." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Na hebu tuambiane ukweli: kwenye twiga yule hapakuwa na kipande kilichowahi kutupwa na mtu. Jirani yangu naye alimwaga soda ya lita mbili kwenye sinki ili apate chupa tupu. Eti tunawafundisha watoto kutunza mazingira.

Huko Kiunga, kaunti ya Lamu, karibu na mpaka wa Somalia, bahari hutupa kandambili ufuoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mhifadhi wa bahari, Julie Church, aliwaona watoto wa huko wakizigeuza vichezeo. Kutoka hapo ikazaliwa kazi inayojulikana leo kama Ocean Sole, yenye wachongaji wake hapa Nairobi. Kandambili huoshwa, hugandishwa kwa gundi moja juu ya nyingine hadi ziwe bonge, kisha bonge huchongwa kwa kisu kama gogo na kulainishwa kwa msasa. Ile milia ya rangi unayoiona kwenye tembo wao ni rangi za kandambili zenyewe. Wazo lilitoka kwa watoto, na hakuna mzazi aliyetumwa dukani.

Wala si mchezo wa watoto tu. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Nigeria miaka mingi, huunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, na mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi yake ya maisha.

Likizo ya Agosti tukajaribu, bila kutumwa na mwalimu. Tulikuwa na patipati moja ya baba iliyokatika ukanda, mbili za binti zilizokuwa zikimbana, na nyingine tulizopewa na majirani. Bonge la kwanza liliachana usiku uleule kwa sababu hatukuziosha vizuri. Gundi haishiki penye mafuta na vumbi. Tukasugua kwa sabuni na brashi, tukaanika siku nzima. Gundi ya fundi viatu hupakwa pande zote mbili, ukangoja hadi isinate kidoleni, ndipo ukabana. Hiyo niliipaka mimi, nje uani, maana harufu yake inalevya. Kisu pia nilishika mimi. Yeye alichora kwa kalamu pa kukata, na msasa ukawa wake.

Alitaka twiga tena. Shingo ikainama. Akapenyeza waya wa henga kuukuu, shingo ikasimama lakini mnyama mzima akaanguka kifudifudi. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Sitaki kukudanganya, ilikuwa kazi kubwa kuliko kukesha. Siku ya pili akafupisha shingo, siku ya tatu akatanua miguu. Twiga akageuka mbuzi. Sasa muulize kwa nini kitu kirefu chembamba huanguka, atakueleza mpaka uchoke.

Ila si kila kinachookotwa kinafaa. Betri usiruhusu zifunguliwe. Sindano, chupa za dawa za wadudu na makopo yenye kingo kali yabaki yalipo. Na kamwe msiyeyushe plastiki kwa moto ili ishikane; moshi wake ni sumu. Mimi huweka katoni moja chini ya ngazi: vifuniko, waya, vitambaa vya mitumba isiyovalika, vipande vya mbao kutoka kwa seremala. Vinaoshwa kabla ya kuingia humo. Ikifika Jumapili usiku, tunaanzia kwenye katoni.

Walimu nao, tafadhali, tupeni angalau wiki mbili. Gundi peke yake inataka siku nzima.

Mbuzi yuko juu ya friji, mguu mmoja mfupi kidogo. Baba mtu bado anaulizia patipati yake ya pili, ile ambayo haikuwa imekatika.